Kutetemeka Mwili Bila Kukusudia: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Mombasa

Hapa kwetu mtu hukaa na mkono unaotetemeka miaka mingi kabla ya kumwuliza yeyote. Huuficha mfukoni, huushika kwa mkono wa pili, huacha kunywa chai mbele za watu. Maswali yafuatayo ndiyo yanayorudi tena na tena, kwenye foleni za zahanati, barazani Mji wa Kale, hata ndani ya feri ya Likoni. Yanaanza na yale ya msingi, yanafika kwenye yale ya nadra, na kuishia kwenye kwenda hospitali na kuishi na mtetemeko. Pale jibu linapogusana na jingine, nambari ya swali imetajwa.

## Mambo ya msingi

1. Kutetemeka mwili ni ugonjwa gani?

Ni dalili, na magonjwa yanayoileta ni mengi. Misuli hujikaza na kulegea kwa zamu, haraka haraka, bila mwenyewe kuiamrisha, na kiungo kikawa chaenda na kurudi. Chanzo chaweza kuwa ubongoni, au kwenye damu (sukari imeshuka, homoni imezidi, sumu imeingia), au nje kabisa: baridi, hofu, dawa uliyomeza asubuhi. Ndiyo maana watu wawili wenye mikono inayotetemeka kwa namna moja machoni pako, mmoja huambiwa apunguze kahawa na mwingine huanzishiwa dawa za maisha.

Kwa hiyo ukimsikia mtu akisifu dawa ya "ugonjwa wa kutetemeka", muulize kwanza: kutetemeka kupi?

2. Je, mtu mwenye afya naye hutetemeka?

Hutetemeka, sote. Nyosha mikono mbele yako, viganja chini, kisha mwambie mtu akuwekee karatasi juu ya vidole. Tazama ukingo wa karatasi: unacheza. Mikono ya binadamu mzima hutikisika kama mara 8 hadi 12 kwa sekunde, kidogo mno hata macho hayaoni. Uchovu, kukesha, kubeba mizigo siku nzima, hofu na njaa hukuza mtikisiko huo mpaka ukaonekana. Sababu ikiondoka, nao huondoka. Usioondoka hata baada ya usingizi na chakula ndio wa kufuatiliwa.

3. Nitatofautishaje kutetemeka, nyama kucheza na kifafa?

Kutetemeka kuna mdundo: kiungo chaenda na kurudi kwa mwendo mmoja. Nyama kucheza ni kipande kidogo cha msuli kinachorukaruka chini ya ngozi, kwenye kope au pajani, na kiungo chenyewe hakiendi popote (swali la 23). Kushtuka mwili mzima unaposhikwa na usingizi, ukahisi kama waanguka, ni jambo la kawaida na halina madhara.

Kifafa mara nyingi huchukua fahamu. Mtu huanguka, hukakamaa, hupiga mikono na miguu, pengine hujiuma ulimi au kujikojolea, na akiamka hajui yaliyopita. Kipo pia kifafa cha upande mmoja ambapo mkono hurukaruka na mtu ana fahamu zake. Huyo naye ni mgonjwa wa hospitali hata kama anaongea vizuri.

4. Daktari ataniuliza nini?

Kikubwa atakachotaka kujua ni *lini*. Watu wengi hufika wakisema "natetemeka sana", na neno "sana" halimsaidii mtu. Tofauti yote iko kwenye wakati.

Je, mkono watetemeka ukiwa umelala mapajani bila kazi, na ukiuinua watulia? Hiyo ni sura ya ugonjwa wa Parkinson (swali la 17). Watulia mapajani lakini watetemeka ukishika kikombe au kalamu? Hapo hufikiriwa mtetemeko wa ukoo (swali la 16), tezi ya shingo (swali la 19), dawa au kahawa. Je, wazidi kadiri unavyokaribia unachokifuata, kidole kikapotea njia karibu na pua au karibu na kitasa? Hapo huchunguzwa ubongo wa nyuma, ule unaopanga mizani na mwendo. Pombe ya miaka mingi, kiharusi na uvimbe huuharibu.

Kabla ya kwenda, jirekodi kwa simu kwa dakika moja: mikono ikiwa imetulia, ikiwa imenyooshwa, na ukimimina maji kutoka kikombe hadi kikombe. Mkono una tabia ya kutulia mbele ya daktari, na video huokoa safari. Beba pia dawa zako zote kwenye mfuko mmoja, za kemisti, za miti shamba na krimu za uso. Usiache kitu kwa kuona haya.

## Homa na baridi

5. Homa ikipanda ngozi yawaka moto, mbona natetemeka kwa baridi?

Kwa sababu ubongo umejiwekea kiwango kipya. Vijidudu vikiingia mwilini, sehemu ya ubongo inayopima joto huamua kwamba mwili wapaswa kuwa na moto zaidi ya kawaida. Mpaka kiwango hicho kifikiwe, mwili hujiona uko kwenye baridi, na misuli hutetemeka ili kuzalisha joto. Wazee wetu wanakiita kitapa. Kiwango kikifikiwa kitapa huisha, mtu husikia joto, na homa inaposhuka hutoka jasho.

Kumfunika mgonjwa mablanketi matatu na kufunga madirisha, katika joto hili la pwani, huifanya homa izidi kupanda. Shuka moja nyepesi yatosha, na maji ya kunywa kwa wingi.

6. Nikitetemeka kwa homa Mombasa, si ni malaria tu?

Yaweza kuwa malaria, na lazima ipimwe. Lakini si hiyo tu. Mji huu umepata milipuko ya dengi na chikungunya. Ile ya chikungunya ya mwishoni mwa 2017 na mwanzoni mwa 2018 wengi wanaikumbuka kwa viungo vilivyouma miezi mingi baadaye. Mbu wa magonjwa haya mawili si yule wa malaria. Huyu huuma mchana na huzaliana kwenye maji safi yaliyotuama, na sisi, kwa shida ya maji ya mifereji, tumejaza mitungi, mapipa na matangi nyumbani. Yafunikeni. Kitapa huletwa pia na maambukizi ya figo na njia ya mkojo, nimonia, na jeraha lililooza.

Kununua dawa ya malaria kemisti bila kupima kumewaponza wengi: siku tatu zapita, na kumbe ugonjwa ni mwingine. Kipimo cha haraka cha tone la damu kipo hata zahanati ndogo na majibu hutoka hapo hapo. Ikipatikana malaria, maliza dawa ya siku tatu hata ukipata nafuu siku ya pili. Na mpaka dengi iondolewe shaka, tumia parasetamoli kwa homa, si aspirini wala ibuprofeni, maana hizo huongeza hatari ya kuvuja damu.

7. Mtoto akipata homa na kutetemeka mwili mzima, ni degedege?

Angalia fahamu. Mtoto anayetetemeka kwa baridi ya homa hulia, hukutazama, hukushika. Mwenye degedege macho huganda au kupinduka, mwili hukakamaa, na ukimwita haitiki. Hii huwapata zaidi watoto wa miezi 6 hadi miaka 5.

Mlaze ubavu, mahali pasipo na kitu cha kumgonga. Usimtie kijiko wala kidole mdomoni, usimwagie maji baridi, usimnyweshe kitu, wala usimfukize. Tazama saa. Degedege nyingi za homa huisha kabla ya dakika 5. Ikipita hapo, mchukueni mbio. Hata ikiisha mapema mtoto apelekwe siku hiyo hiyo, kwa sababu katika nchi yenye malaria, homa na degedege huenda ikawa malaria imepanda kichwani, au homa ya uti wa mgongo, na yote mawili hayangoji asubuhi.

Mama mwenye mtoto wa hivi huambiwa mengi na majirani kabla hajafika kituoni. Mwacheni apite.

## Sukari, kahawa, majani, pombe na dawa

8. Nikichelewa kula natetemeka na kutoka jasho. Je, nina kisukari?

Si lazima. Sukari ikishuka, mwili humwaga adrenalini (homoni ya kuushtua mwili) ili kuipandisha, na adrenalini ndiyo inayotetemesha mikono, kuupeleka moyo mbio na kutoa kijasho chembamba. Mtu asiye na kisukari huipata akikaa na njaa muda mrefu, na akila huisha.

Kwa mwenye kisukari anayetumia insulini au vidonge vinavyosukuma kongosho, hii ni dharura. Chini ya 3.9 (mmol/L) kwenye mashine ya kupima sukari ni kushuka. Anywe mara moja vijiko vitatu vya chai vya sukari kwenye maji, au nusu glasi ya soda ya kawaida, asubiri dakika 15 apime tena, arudie ikiwa bado, kisha ale chakula. Dafu halitoshi, sukari yake ni ndogo mno kwa kazi hii. Akiwa amezimia, msimtie kitu mdomoni, hospitali.

Kuna jambo moja la kuwaeleza nyumbani: anayetumia dawa ya presha au ya moyo aina ya propranololi huenda asitetemeke wala moyo usimwende mbio sukari ikishuka. Kwake jasho na kuchanganyikiwa ndiyo ishara iliyobaki.

9. Nina kisukari na nimefunga Ramadhani; nikianza kutetemeka alasiri nivumilie mpaka magharibi?

La. Pima, na ukikuta chini ya 3.9 fungua papo hapo, hata kama imebaki dakika kumi adhana ipigwe. Fungua pia ikipita 16.6. Ruhusa ya mgonjwa kula na kulipa siku nyingine imo ndani ya Qur'ani yenyewe, Suratul Baqara, aya ya 184 na 185. Kudunga kidole kupima hakukufungulishi. Na mazungumzo kuhusu dozi yafanywe na daktari mwezi mmoja au miwili kabla ya mwandamo, si siku ya kwanza ya saumu.

10. Kahawa chungu ya barazani yaweza kunitetemesha?

Yaweza. Vikombe ni vidogo lakini havihesabiwi. Kafeini huchukua kama saa 5 kupungua nusu mwilini, kwa hiyo ya magharibi bado iko nawe unapolala, usingizi ukapungua, na kesho mkono ukacheza kwa kukosa usingizi na kwa kahawa mpya. Jaribu wiki moja bila kahawa wala soda za kuongeza nguvu. Punguza kwa hatua, maana ukikata ghafla kichwa kitauma.

11. Na miraa na muguka?

Ndiyo, na sana. Majani haya yana kathinoni, kemikali ya ukoo mmoja na dawa za kusisimua, na hufanya kazi ileile ya adrenalini: moyo, presha, mikono, kukosa usingizi, kisha siku ya pili unyonge na hasira. Muguka hutafunwa majani mabichi kwa wingi, mara nyingi pamoja na soda, kahawa na sigara, na kila kimoja katika hivyo hutetemesha peke yake. Mwaka 2024 serikali ya kaunti ilipotangaza marufuku ya muguka Mombasa na mahakama ikaisimamisha, mjadala ulikuwa wa biashara na siasa. Kinachoonekana majumbani ni vijana wa miaka ishirini wasioweza kushika glasi ya maji bila kuimwaga, na wengine wanaosikia sauti na kuwashuku ndugu zao. Kutetemeka kwao huisha siku chache baada ya kuacha. Kusikia sauti kwahitaji daktari.

12. Mikono yanitetemeka kila asubuhi mpaka ninywe mnazi kidogo. Ni nini?

Mwili umezoea pombe, na asubuhi unaidai. Mtetemeko huu huanza saa 6 hadi 24 baada ya kinywaji cha mwisho, pamoja na jasho, kichefuchefu na wasiwasi.

Tafadhali usiache ghafla ukiwa peke yako nyumbani, wala jamaa msimfungie mtu chumbani kwa nia njema ya kumwachisha. Kwa mnywaji wa kila siku, siku mbili au tatu za mwanzo zaweza kuleta kifafa, kisha kuweweseka, kuona visivyokuwepo, na kifo. Hospitali hutoa dawa za kuutuliza ubongo na vitamini B1, na hatari hiyo huzuilika kabisa.

Usichanganye na mtetemeko wa ukoo, wa swali la 16: huko pia pombe hutuliza mkono kwa muda, hata kwa mtu asiye mlevi, na wengine wameingia ulevini kwa njia hiyo.

13. Na mwenye arosto ya unga, yaani anayeteswa na kukosa heroini aliyoizoea?

Hutetemeka, hupiga miayo, hutoka machozi na makamasi, tumbo humkata na mifupa humuuma. Kisauni kuna kliniki ya methadoni, dawa ya kumwachisha mtu unga, na anayefika pale anapokelewa kama mgonjwa.

14. Dawa za hospitali zaweza kuwa ndizo zinazonitetemesha?

Zaweza, na hili husahaulika kuliko yote. Inhela ya pumu yenye salbutamoli hutetemesha mikono kwa saa chache, na dawa inaendelea kufanya kazi yake vizuri. Valproeti ya kifafa, lithiamu ya magonjwa ya akili, dawa za msongo aina ya amitriptilini, na vidonge vya tezi vikizidi dozi, vyote hutetemesha.

Kundi jingine huleta sura ileile ya Parkinson: haloperidoli na klopromazini za magonjwa ya akili, na metoklopramidi ya kutapika. Mzee aliyeanzishiwa dawa ya kutapika, ikaendelea miezi bila mtu kuuliza, huonekana kama ameshikwa na Parkinson wakati ugonjwa hana. Ikiondolewa kwa utaratibu, mara nyingi hurudi hali yake, ingawa huchukua wiki au miezi.

Sasa neno muhimu: usiache dawa yoyote mwenyewe. Kifafa chaweza kurudi kwa nguvu ukiruka valproeti. Rudi kwa aliyekuandikia, mweleze.

15. Krimu za kujichubua zina uhusiano gani na kutetemeka?

Baadhi ya mikorogo ina zebaki. Huingia kupitia ngozi, hukusanyika, huharibu figo na neva. Mikono hutetemeka, usingizi hupotea, tabia hubadilika. Anayempakata mtoto naye humpaka. Mwanamke hafikirii kumtajia daktari krimu ya uso, na daktari hafikirii kuuliza.

Risasi, ile madini ya kwenye betri za magari, nayo ni sumu ya neva. Watu wa Owino Uhuru, kule Mikindani, wameishi na madhara yake kwa sababu ya kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu. Anayechoma betri au kuyeyusha vyuma uani aujue mfano huo, hasa kama kuna watoto.

## Uzeeni na katika ukoo

16. Babangu mikono yamtetemeka akishika kikombe. Na babu alikuwa hivyo hivyo. Ni Parkinson?

Kwa maelezo hayo, yaelekea ni mtetemeko wa ukoo. Huu ndio mwingi zaidi miongoni mwa watu wazima, hushika mikono yote miwili, hujitokeza katika kushika na kufanya, na waweza kuingia kichwani (mtu akawa kama asema "la, la" au "ndiyo, ndiyo") na katika sauti. Mara nyingi hurithiwa. Waweza kuanza ujanani, na huongezeka polepole mno.

Haufupishi maisha, lakini huyanyima maisha. Fundi aliyeacha cherehani, mama asiyekubali tena kumiminia wageni kahawa, mwalimu asiyeandika ubaoni, hao si wazembe. Propranololi na primidoni huwasaidia wengi. Mwenye pumu asiguse propranololi. Humbana kifua vibaya.

17. Basi Parkinson huanzaje?

Mara nyingi huanza upande mmoja: kidole gumba na cha shahada vikasuguana kana kwamba mtu ahesabu tasbihi, mkono ukiwa umetulia. Humpata zaidi aliyepita miaka 60, ila si lazima. Muhammad Ali aligunduliwa nao 1984 akiwa na miaka 42. Daktari wa London, James Parkinson, aliueleza kwa maandishi mwaka 1817. Chanzo chake ni kufa polepole kwa seli za ubongo zinazotengeneza dopamini, kemikali inayoongoza mwendo wa mwili.

Lakini msitazame mtetemeko peke yake. Wapo wagonjwa wasiotetemeka kabisa. Kinachouthibitisha ni upole wa mwendo: mkono mmoja hauyumbi akitembea, hatua zinakuwa fupi, herufi zinazidi kuwa ndogo kila mstari, uso hauchangamki, kufunga vifungo vya kanzu kwachukua dakika nyingi. Miaka kabla ya hapo huenda alishapoteza harufu, hata biriani jikoni haisikii, akafunga choo, au akawa apiga mateke usingizini.

Watu husema "ni uzee tu". Uzee haufanyi mkono mmoja kuwa mzito kuliko mwenzake.

18. Dawa ya Parkinson ipo? Na upupu je?

Dawa ya kuuondoa haipo. Ya kuutuliza ipo na hufanya kazi vizuri: levodopa iliyochanganywa na kabidopa. Imezwe kama nusu saa kabla ya chakula, kwa sababu protini za nyama, samaki na maharagwe hushindana nayo kuingia mwilini. Izingatiwe saa kwa saa, na isikatwe ghafla. Anayetaka kufunga Ramadhani aongee na daktari wake mapema, maana kukaa bila dozi tangu alfajiri kwaweza kumgandisha.

Kuhusu upupu: mbegu zake kweli zina levodopa. Hakuna ajuaye katika kiganja cha mbegu mna kiasi gani, na mtu anayezichanganya na vidonge huzidisha dozi bila kujua, akaona vioja na presha ikaanguka. Kama mzee wenu anazitumia tayari, mwambieni daktari, na daktari asimkaripie.

Mazoezi ni nusu ya tiba. Kutembea kwa hatua ndefu za makusudi ufukweni au bustani ya Mama Ngina, jioni baada ya alasiri, ni jambo la kuanza leo.

19. Mtu akikonda, moyo ukimwenda mbio na mikono ikitetemeka?

Pimeni tezi ya shingo. Ikizidisha homoni, mtu hula na kukonda, havumilii joto kabisa, hana usingizi, vidole vyatetemeka kwa mtetemo mwembamba. Pengine macho yametokeza na ana rovu. Wanawake huipata zaidi. Kipimo kimoja cha damu chaeleza, na hutibika.

20. Kijana wa miaka 20 akitetemeka mfululizo, naye ni wa kuambiwa apumzike?

La. Kijana ambaye kahawa, majani, dawa na tezi vimeondolewa shaka, achunguzwe ugonjwa wa Wilson, uliopewa jina la daktari aliyeueleza mwaka 1912. Mwili hushindwa kuitoa shaba, nayo hukusanyika kwenye ini na ubongo. Kijana hutetemeka, maneno yanamkwama, shule yamshinda, na familia hudhani ni bangi. Hurithiwa pale baba na mama wote wamebeba hitilafu moja, na hapo kila mtoto ana nafasi moja kati ya nne. Ndoa za binamu, ambazo ni nyingi kwetu, huongeza uwezekano huo. Sisemi ili kumlaumu mzazi yeyote. Nasema kwa sababu ukigunduliwa mapema una dawa, na ndugu zake wote wapimwe.

## Hofu, na yasemwayo kuhusu pepo

21. Nikisimama mbele za watu magoti yanigongana. Nina tatizo la neva?

Hapana, ni adrenalini ileile ya swali la 8, imeitwa na hofu. Pumua polepole, kutoa pumzi kuwe kurefu kuliko kuvuta. Ikiwa hofu yaja bila sababu, kwa mawimbi, na vidole kufa ganzi, hilo ni tatizo la wasiwasi na lina matibabu.

22. Dadangu akitetemeka watu wasema ana jini. Tumpeleke wapi?

Mpelekeni hospitali, na msomeeni dua. Moja halizuii jingine. Kisicho sawa ni kumzungusha mwaka mzima kwa waganga, kufukizwa, kupigwa ili "jini atoke", huku ana kifafa ambacho vidonge vya bei nafuu vingekizuia.

Upo pia mtetemeko unaotokana na ubongo kulemewa: msiba, ndoa yenye mateso, jambo alilofanyiwa akalinyamazia. Mtetemeko huu huja na kwenda, na ukimshughulisha na hesabu au mazungumzo hubadilika au kukoma. Hajifanyi. Haukusudii kama vile mwenye homa asivyokusudia kitapa chake. Anayemwambia "acha mchezo" humwongezea ugonjwa. Ahitaji kuaminiwa kwanza, kisha mshauri na mazoezi ya viungo.

23. Jicho lanicheza siku tatu sasa. Watu wasema kuna habari yaja.

Kope iliyochoka hucheza hivyo: usingizi haba, simu usiku, kahawa. Hutulia yenyewe. Mwone daktari likifunga jicho zima, likishuka hadi shavuni na mdomoni, au likipita wiki chache.

## Hali zisizo za kawaida

24. Nilitetemeka meno yakigongana baada tu ya kujifungua. Ilikuwa nini?

Wanawake wengi hutetemeka hivyo saa ya kwanza baada ya kuzaa au kufanyiwa upasuaji, bila hatari. Hufunikwa na hupita. Kutetemeka kwa siku zinazofuata pamoja na homa, uchafu wenye harufu au maumivu ya tumbo ni maambukizi. Msingoje arubaini iishe, nendeni siku hiyo.

25. Mtoto mchanga kidevu na mikono vyamtetemeka.

Mshike kiungo kwa upole. Kikitulia mkononi mwako na mtoto yu macho, mara nyingi ni kawaida au ana njaa, mnyonyeshe. Kisipotulia, au macho yakiganda, au hanyonyi, apelekwe mara moja apimwe sukari na maambukizi.

26. Miguu yanitetemeka nikisimama tu. Nikitembea au kukaa yatulia.

Ni hali ya nadra, mtetemo wa haraka kiasi kwamba ni vigumu kuuona, ila hugundulika kwa kugusa misuli ya paja. Kusimama kwenye swala au foleni huwa mateso, na mwenyewe huonekana ana uoga wa kuanguka tu. Mtajie daktari wa neva maneno hayo hayo uliyoyatumia hapa.

27. Mgonjwa wa ini akinyoosha mikono kama anayesimamisha matatu, viganja vyaanguka na kuinuka.

Hiyo ni sumu ambayo ini, au figo, limeshindwa kuitoa, na imefika ubongoni. Akiwa pia amelala mchana na kukesha usiku, au aongea ovyo, ni dharura.

## Kwenda hospitali, na kuishi nao

28. Ni lini nisingoje?

Mtetemeko ulioanza ghafla pamoja na mdomo kwenda upande, mkono kukosa nguvu au maneno kupotea. Fahamu kupungua. Homa na shingo kukaza. Baada ya kugonga kichwa. Baada ya kushika au kunywa dawa ya wadudu, hasa mate yakitoka na macho yakififia. Baada ya kunywa chang'aa, macho yakaanza kuona ukungu.

29. Nianzie wapi Mombasa?

Anza kituo cha afya kilicho karibu. Sukari, tezi, damu, ini na figo hupimwa bila kwenda mbali, na matatizo mengi huishia hapo. Inapohitajika daktari wa neva utaandikiwa rufaa kwenda Hospitali Kuu ya Pwani, Makadara kama tunavyoiita. Kwa mambo ya akili, Port Reitz. Jisajili SHA, bima ya afya ya serikali, kabla hujaugua, na hakikisha michango imelipwa. Picha ya ubongo ni ghali na mtetemeko mwingi hauihitaji. Ukiambiwa uipige kabla hata hujaombwa kunyoosha mikono, omba maoni ya pili.

30. Nifanye nini nyumbani ili niendelee na shughuli zangu?

Kikombe kizito chenye mkono, kijazwe nusu. Viwiko vikae mezani unapokula. Kijiko chenye mpini mnene. Funga kitambaa kama huna. Vibandiko badala ya vifungo, na buibui la kuvaa kichwani badala ya la pini. Kalamu nene. Kwenye swala, mwenye kuyumba akae kitini. Toa mazulia yanayoteleza na weka taa ya kwenda msalani usiku, kwa sababu kuanguka ndiko kunakowavunja nyonga wazee wetu.

Na kwa jamaa: msimpokonye kikombe. Muulizeni kama ahitaji msaada, kisha mngoje amalize.

31. Nimesikia kuna upasuaji wa kichwa unaokomesha mtetemeko. Ni kweli?

Ni kweli. Waya mwembamba hupitishwa hadi ndani ya ubongo na kuunganishwa na kifaa kidogo kifuani kinachotuma umeme. Hupunguza sana mtetemeko wa ukoo na wa Parkinson kwa mgonjwa aliyechaguliwa vizuri. Hauzuii Parkinson kuendelea, na gharama yake ni kubwa, pamoja na betri za kubadilishwa baadaye. Hufikiriwa dawa zikishindwa, na si kabla. Kabla ya kuuza kiwanja au kuanzisha mchango wa kwenda ng'ambo, hakikisheni daktari wa neva, si wakala wa safari, ndiye aliyesema mgonjwa wenu anafaa.